Kikohozi cha Baba Satbir

Baba mkwe wangu, mzee Tekram, hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikohoa. Akifika langoni alisimama, akajikohoza mara mbili, akangoja kidogo, kisha akaingia uani macho yakiwa chini. Kimya kile kifupi baada ya kikohozi kilikuwa chetu sisi wanawake: mimi navuta mtandio mpaka kidevuni, jirani aliyekaa kichwa wazi anakimbilia jikoni, na mama mkwe anamalizia harakaharaka alichokuwa akisema juu ya mumewe.

Ndivyo tulivyoishi Haryana, kaskazini mwa India, nilipoolewa, na nyumba nyingi bado zinaishi hivyo. Mke wa mwana hamwonyeshi baba mkwe uso, wala hamsemeshi. Kwa hiyo mtu niliyempikia kila siku tangu nilipoingia nyumba ile nilimjua kwa viatu, kwa fimbo, na kwa kikohozi. Lakini hicho kikohozi nilikijua vilivyo! Akija na njaa kilikuwa kifupi. Akija na mgeni kilikuwa kirefu chenye heshima, kama mtu anayefungua mkutano. Akiwa amegombana na watu kwenye zamu ya maji ya mfereji, alikohoa kama anayetema kitu kichungu. Na siku akinunua mapera mjini kwa ajili yangu, kwa kuwa hawezi kunipa mkononi, aliyaweka juu ya ukuta wa zizi, akakohoa kidogo sana, akaenda zake. Nami nilitikisa bangili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Kukiwa na neno la lazima, nilimwambia Bhuri. Bhuri alikuwa nyati wetu wa maziwa, mweusi, mnene, mwenye jicho moja la dharau. "Bhuri, leo chumvi imekwisha," nilisema huku nikimkamua, kwa sauti ya kufika barazani, kwenye chumba cha mbele ambako wanaume hukaa na kuvuta hukka, kile kiko cha maji. Jioni chumvi ilikuwa juu ya ukuta. Adabu haikuvunjwa. Nilikuwa nazungumza na mnyama wangu.

Msimu mmoja wa baridi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu, Satbir, alikuwa ameondoka na lori kuelekea Gujarat, na nyumbani tulibaki watatu: mzee, mama mkwe wangu Angoori, na mimi. Mzee alikwenda harusini ng'ambo ya mfereji, akiwa amekaa nyuma kwenye tela la trekta pamoja na rafiki yake Mange Ram na wazee wengine. Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa mzito hata dereva alitanguliwa na mtu mwenye tochi, na mzee hakuwa na shali. Alikuwa amempa mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliyekuwa anatetemeka.

"Shali ya sufu!" mama mkwe alifoka. "Niliyofuma kwa mikono yangu! Ungempa koti la Mange Ram."

"Mange Ram alikuwa amelivaa," mzee alisema, akapiga chafya.

Kesho yake pua ilikuwa inamchuruzika na mwili unamuuma. Alipata homa, akalala chini ya mfarishi wa pamba akinung'unika, mama mkwe akimpa tangawizi iliyochemshwa kwa sukari guru. Homa ikaondoka, pua ikakauka, akarudi kwenye haradali yake shambani. Kikohozi kikabaki.

Mwanzoni tulicheka. Kwa sababu, fikiria, mtu ambaye kikohozi chake ndicho hodi yake sasa anakohoa kutwa nzima! Nikimsikia, navuta mtandio, naacha unga, nangoja. Haingii. Nafunua uso, naanza kusukuma chapati, anakohoa tena, navuta mtandio. Chapati za uwele ziliungua mpaka mama mkwe akaniambia, "Rajbala, mwanangu, ama jifunike moja kwa moja ama tufe njaa." Basi nikajifunika moja kwa moja, nikawa napika kama mtu aliye ndani ya gunia.

Halafu likatokea la Murti. Murti ni jirani yetu, mcheshi, mwenye nywele nzito anazozionea fahari. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka kidogo, akaja kupakwa mafuta ya haradali na mama mkwe. Akakaa katikati ya ua, nywele zimemwagika mpaka kiunoni, magoti wazi, anaimba. Tukasikia kikohozi langoni.

"Mzee huyo," nilisema.

"Aah, huyo anakohoa tangu asubuhi," Murti akasema. "Yuko barazani. Endelea, Mama, hapo hapo kwenye kisogo."

Mzee akakohoa tena kwa adabu yake yote. Akangoja. Akaingia.

Sijawahi kuona mtu mzima akigeuka upesi namna ile. Murti alipiga ukelele akajitupa nyuma ya pipa la nafaka. Lakini mzee ndiye aliyeaibika zaidi. Fimbo ilimwanguka na hakuiokota. Tangu hapo hakukanyaga uani. Alihamia barazani, akalala huko, akala huko. Mama mkwe akimpelekea sahani, alimwambia, "Weka ukutani, nenda."

"Murti mwenyewe amekwisha kusahau," mama mkwe alimwambia kutoka mlangoni. "Anasimulia kijiji kizima akicheka."

"Weka ukutani, Angoori."

Mimi niliumia. Nilidhani amekasirika na sisi, na hasa na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia vizuri na sikumwinua Murti. Nikienda zizini, nikiwa bado mbali, bangili zangu zikilia tu, alisimama akaondoka kwenda shambani. Zamani alikuwa akijikohoza akabaki. Chai yangu alikataa. Sahani yake na bilauri yake aliziosha mwenyewe kwa majivu, akazianika pembeni, mbali na vyombo vyetu. Kwenye ukuta wa zizi hakukuwa tena na pera wala njugu.

Barazani kwake alikuwa na tabibu mmoja, naye ni Mange Ram, rafiki yake tangu utotoni, mtu mwenye sharubu kubwa na dawa ya kila kitu.

"Vuta, Tekram," nilimsikia akisema ng'ambo ya ukuta. "Moshi unafungua kifua. Babu yangu alivuta mpaka meno yakamwisha."

"Babu yako alikufa kwa nini?"

"Alikanyagwa na ng'ombe dume. Kifua kilikuwa kizima kabisa! Na hivi vidonge meza, viwili asubuhi. Daktari wa mjini alimpa mke wangu."

"Mkeo alikuwa anakohoa?"

"Alikuwa na jipu. Dawa ni dawa, bwana."

Mimi niliendelea kukamua, nikisikiliza. Siwezi kujisifu kwa jambo lingine, lakini masikio yangu yalikuwa na mazoezi ya miaka. Kikohozi cha mwanzo, baada ya harusi, kilikuwa kizito na kimajimaji, kinatoka chini. Hicho kilikuwa kinapungua. Kilichokuwepo sasa kilikuwa kikavu, cha juu, cha kukwaruza, kama fagio kwenye sakafu ya saruji. Na kilikuwa na tabia zake. Asubuhi shambani kilimwacha. Mara tu hukka ikiwashwa, kikaanza. Akijilaza, kikaanza tena.

"Mama," nilimwambia mama mkwe tukikanda unga, "mimi naona mzee ana vikohozi viwili. Kimoja ni cha mafua, kinaondoka. Kingine anakilisha mwenyewe kwa hukka. Twende naye kituo cha afya akapimwe."

Mama mkwe alibonyeza unga kwa ngumi, akaugeuza, akaubonyeza tena.

"Hatakwenda," alisema mwishowe. "Kile chumba anacholala, unajua nani alilala humo kabla yake? Mdogo wake, Jagram. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya. Alianza hivyohivyo, kikohozi cha kawaida, wakasema ni baridi. Kumbe kifua kikuu. Baba Satbir ndiye aliyemlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Kisha mke wa Jagram naye akaanza kukohoa." Akapangusa unga vidoleni. "Kwa hiyo hawezi kwenda. Anaogopa kuambiwa."

"Lakini kwa nini ananikimbia mimi?"

Mama mkwe akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga lakini mpendwa, akalionyesha tumbo langu kwa kile kijiti cha kusukumia chapati. "Hakukimbii wewe. Anamkimbia huyo. Hataki kumpumulia."

Nikakaa chini palepale kwenye majivu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee habari ya mimba. Kwetu mambo hayo hayaendi barazani. Aliijua mwenyewe, kwa mwendo wangu labda, au kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuimba nikibeba majani ya Bhuri. Akaijua, akabeba sahani yake akajitenga, na mimi nikamwita mkali moyoni mwangu. Nililia mpaka mama mkwe akaniambia niache, unga utakuwa na chumvi.

Asubuhi iliyofuata nilingoja Mange Ram aondoke. Ukungu ulikuwa unapanda, na mzee alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba nje ya baraza, mgongo wake kwetu. Nilisimama upande wangu wa ukuta, mkono juu ya shingo ya Bhuri, nikasema kwa sauti, "Bhuri, kuna watu humu nyumbani wanadhani wanatulinda kwa kujificha. Kumbe wanatuua kwa wasiwasi."

Nikadhani ataondoka. Halafu, kwa mara ya kwanza, naye akamgeukia Bhuri.

"Bhuri," alisema, "mwambie huyo anayekukamua kwamba wasiwasi haujaua mtu. Kuna vitu vinavyoua."

"Bhuri, mwambie babu wa mtu fulani kwamba kitu kisichopimwa hakina jina. Anaweza kuwa anaogopa mafua."

"Bhuri, mwambie kwamba mimi niliwahi…"

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika, kikavu, kirefu, kikamkunja mpaka kilemba kikaanguka magotini. Nikasahau Bhuri. Nikasahau na ukuta. Nilikimbilia jikoni, nikachota maji ya moto niliyomwekea Bhuri, nikazunguka na bilauri, nikamwekea mkononi.

"Baba, kunywa. Kidogo kidogo. Usipigane nacho."

Alikunywa. Kikohozi kikatulia. Sote wawili tukatambua kilichokuwa kimetokea. Mtandio ulikuwa umefika kidevuni, namshukuru Mungu, lakini sauti yangu ilikuwa nje, na haikuwa inarudishika.

"Nani amesema?" aliuliza, akiangalia bilauri.

"Mimi, Rajbala."

"Una sauti nzito," alisema, kama aliyeshangaa. "Ukimsemesha Bhuri unakuwa na sauti ya ndege."

"Baba, nimekusikiliza. Kikohozi cha Jagram sikukisikia, lakini chako nakijua. Kesho twende kituoni. Kama ni kile, siku hizi kina dawa, watu wanapona na kuoa. Kama sicho, unarudi uani. Mtoto huyu hatazaliwa babu yake akiwa anakula peke yake kama mwizi."

Alichukua kilemba magotini, akakifunga upya. "Na Angoori anakwenda?" aliuliza.

"Amekwisha kupiga pasi shali yake."

Kituoni tulimkuta Sista Bimlesh, muuguzi mwenye kwato za baiskeli, kama wasemavyo kwetu, maana alizunguka vijiji vyote kwa baiskeli bila kuchoka. Alimkalisha mzee kwenye benchi mbele ya daktari, akaanza kumuuliza. Anatoa damu? Hapana. Amekonda? Mama mkwe akacheka. Homa imerudi? Anatokwa jasho usiku? Anapumua kwa shida, kifua kinamchoma? Hapana, hapana, hapana. Daktari, kijana mpole, akamwekea kipimo mgongoni, akasema vuta pumzi, toa pumzi, vuta. Kisha akasema kwamba kwa kuwa kikohozi kimepita majuma mawili, na kwa kuwa nyumbani kulikuwa na mgonjwa zamani, wapime makohozi na kupiga picha ya kifua, tusibahatishe.

Siku za kungoja majibu zilikuwa mbaya kuliko zote. Mzee hakuvuta hukka, si kwa kutii bali kwa kukosa hamu. Mama mkwe aliomba kwa miungu yote aliyoijua na mungu mmoja wa nyumbani kwa Murti.

Tuliporudi, Sista Bimlesh alitoka nje mwenyewe kutuita, na kabla hatujainuka benchini akasema, "Mzee, hakuna kifua kikuu. Picha ni safi."

Mzee alivuta ncha ya kilemba, akajifunika uso. Mabega yake yalitikisika. Wanawake wawili wenye mitandio na mwanaume mmoja mwenye kilemba usoni: benchi zima halikuwa na sura. Mama mkwe alimpapasa goti mbele ya watu, jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Basi kwa nini nakohoa?" mzee aliuliza, sauti imeziba.

"Mafua ni kama msafara wa harusi," Sista alisema. "Wageni wameondoka, lakini vumbi bado liko uwanjani. Koo lako limechubuka, linahitaji majuma matatu, wakati mwingine zaidi, kutulia lenyewe. Wewe ukilipaka moshi kila asubuhi, litapona lini?"

"Na vidonge vya Mange Ram?"

"Vya jipu?" Mama mkwe alikuwa amekwisha kumweleza. "Hivyo havigusi mafua. Vinasumbua tumbo lako bure, na siku ukivihitaji kweli visikusaidie. Acha. Kunywa vitu vya moto, chai ya tangawizi na mrehani, kijiko cha asali unapokwenda kulala. Inua kichwa kwa mto. Na rudi hapa upesi ukiona damu, au homa, au pumzi ikikupungua, au kisipokwisha. Asali ni ya mzee tu, Mama Angoori, umenisikia? Mtoto akizaliwa usimlambishe. Mpaka atimize mwaka."

"Satbir nilimlambisha siku aliyozaliwa," mama mkwe alijibu, akiudhika. "Na mtazame alivyo."

"Ndiyo, namjua vizuri," Sista alisema, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Jioni ile alirudi kula uani. Mange Ram alipofika na tumbaku yake, hakuikuta hukka. Mama mkwe alikuwa ameificha chini ya majani makavu ya Bhuri, na Bhuri akaikanyaga ikawa vipande. Mpaka leo anasema ilikuwa bahati mbaya. Mange Ram alinuna akakaa kwake siku kadhaa, kisha akarudi na mfuko wa njugu, akasema kwa kweli hata yeye kifua kilikuwa kinamkwaruza.

Kikohozi chenyewe kiliondoka bila kuaga. Hakuna anayeweza kusema siku gani. Kwanza kilimwacha mchana, kisha kikamwacha akilala, kisha siku moja Murti, akiwa amejifunika vizuri mno, akauliza, "Kimekwenda wapi kile kikohozi?" na sote tukasikiliza, na hatukusikia kitu.

Sauti yangu ndiyo haikurudi ilikotoka. Majirani walisema kidogo, mama mkwe akawajibu mengi, wakachoka. Mtandio niliendelea kuvaa, lakini chini yake nilizungumza, na nikagundua kwamba mzee yule niliyemdhani mkimya alikuwa tu amekosa msikilizaji. Mama mkwe alikuwa amekwisha kusikia hadithi zake zote. Mimi sikuwa nimesikia hata moja. Nikimenya viazi anakaa kwenye kitanda cha kamba, umbali wa heshima, anaanza. Habari za mafuriko, za ndoa iliyovunjika kwa sababu ya redio, za jini la kisimani ambalo lilikuwa mpwa wa Mange Ram.

Siku aliyonisimulia ya ngamia, nilikuwa karibu kujifungua. Alikuwa kijana, alisema, amepewa ngamia wa kukodi ampeleke kumwona mchumba, ili ukweni waone fahari. Ngamia akafika mbele ya nyumba ya mchumba, akakataa kupiga magoti.

"Akakataa kabisa?" niliuliza.

"Kabisa! Niko juu kule kama bendera. Baba mkwe wangu anasema karibu, shuka. Nashukaje? Wanawake wamejaa dirishani wanacheka."

"Mimi ndiye niliyecheka zaidi," mama mkwe alisema kutoka jikoni.

"Hukuwepo wewe! Ulikuwa umefichwa ndani."

"Nilikuwa juu ya paa, baba Satbir. Nilikuona kabla hujaniona. Nikamwambia mama, huyo aliyekwama ndiye nimtakaye."

Mzee alikuwa hajawahi kusikia hilo.  Akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye shahidi wa kumwambia kama ni kweli, na nilikuwa nacheka kiasi kwamba sikuweza kumsaidia.